Nilivyopata nakshi laini kwenye mashine ndogo ya CNC

Karakana yetu ipo Jang'ombe, Zanzibar, na kazi inayotoka zaidi ni vibao vya nakshi: vifuniko vya masanduku, fremu za vioo, mapambo ya milango ya nyumba za wageni. Ami yangu anachonga kwa patasi tangu ujana wake. Mimi nimeongeza mashine ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, ile ndogo ya kukaa juu ya meza. Kukata umbo iliweza tangu siku ya kwanza. Kilichonisumbua ni ulaini, maana nakshi na msasa havipatani. Ukilisugua pambo la mkufu au la yungiyungi mpaka matuta yaishe, kingo nazo zimekwisha, ua limebaki butu kama kipande cha sabuni kilichooshewa vyombo wiki nzima. Ulaini ilibidi utoke kwenye njia ya biti yenyewe, kile kisu cha mashine kinachozunguka.

Nikaanza na hesabu. Biti ya kumalizia ina ncha ya mviringo, kwa hiyo kila ikipita huacha mfereji, na baina ya mifereji miwili hubaki tuta. Urefu wa tuta unakadirika: chukua umbali wa mstari hadi mstari, uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha biti. Kwa biti ya milimita 6, umbali wa milimita 1.2 unaacha tuta la milimita 0.06. Ukiweka 0.6, tuta linashuka hadi 0.015. Umbali ukipungua nusu, tuta hubaki robo. Ila saa ndizo zinazopanda. Kibao cha milimita 300 kwa 400, kwa umbali wa 0.6, kina mistari 500, ambayo jumla yake ni mita 200. Kwa mwendo wa milimita 1,500 kwa dakika hiyo ni zaidi ya saa mbili, bado hujahesabu mashine inavyopunguza mwendo kila ikigeuka. Kwa 0.3 unakaribia saa nne na nusu, na mteja wa fremu ya kioo halipii saa nne na nusu.

Kwa hiyo nikaacha kubana umbali, nikaanza kuchunguza biti inapita vipi. Nilizima taa, nikailaza tochi ya simu ubavuni mwa kibao. Tochi ikilala hivyo kila tuta hutoa kivuli. Migongo ya majani ilikuwa safi. Mbavu za mkufu, kibao hicho hicho, biti hiyo hiyo, zilikuwa na ngazi unazozihisi kwa ukucha. Sababu ni kwamba programu hupima umbali wa mistari kwa kuangalia kibao kutoka juu. Penye mteremko wa digrii 60, milimita 0.6 za juu zinakuwa milimita 1.2 ukizipima juu ya ubavu wenyewe, na tuta linakuwa mara nne. Sasa nagawa kazi mara mbili. Sehemu zilizolala nazipitisha mistari sambamba. Mbavu zenye mteremko wa zaidi ya digrii 45 hivi nazipa njia ya kuzunguka umbo kwa kina kimoja, kisha kushuka kidogo na kuzunguka tena. Maeneo mawili hayo nayaacha yapandane kidogo, la sivyo panabaki alama ya mshono.

Bado palikuwa na manyoya ya nyuzi za mbao upande mmoja wa kila jani. Hili alilitatua ami. Alipitisha kidole gumba juu ya kibao cha mfenesi, akasema, "Mwanangu, mbao ina mkondo. Wewe waikata mkingamo."

"Mashine haiujui mkondo, ami."

"Basi wewe ijulishe."

Niligeuza mistari ifuate nyuzi za mbao, hata matuta madogo yanayobaki yakawa yanalala na nyuzi, jicho haliyaoni. Kisha nikaacha kwenda na kurudi huku biti inakata. Mashine ikienda na kurudi, mstari mmoja meno ya biti yanaingia kwa namna moja, unaofuata kwa namna nyingine, na mbao inakwambia. Mpito wa mwisho sasa unakata upande mmoja tu, biti inanyanyuka na kurudi hewani. Muda unaongezeka, lakini hapo mimi sibani.

Jambo lililobadilisha kazi kuliko yote ni mpito wa katikati, baina ya kuchimba na kumalizia, na naona watu wengi wanauruka. Biti bapa ya kuchimbia, ikishuka milimita 2 kila safari, inaacha vidaraja kama ngazi. Biti ya kumalizia ikivikuta, mara inakata mbao nyingi, mara kidogo, na mashine nyepesi kama yangu inapinda pale penye nyingi. Alama za vidaraja zinatokea hadi kwenye uso wa mwisho, hata umbali wa mistari uwe mdogo namna gani. Sasa napitisha kwanza biti ya mviringo kwa mistari iliyoachana zaidi, milimita 1.5, nikiacha ngozi ya milimita 0.3 kila mahali. Mpito wa mwisho unakuta mzigo uliolingana na biti inasikika kwa sauti moja mwanzo hadi mwisho.

Umeme nao una neno. Ukikatika, mota za mashine hii zinapoteza hesabu ya zilipo. Kwa hiyo kibao kikubwa nakigawa vipande, kila kipande na faili lake, na natoboa matundu mawili ya pini pembeni ili niirudishe sifuri, pale mashine inapoanzia kupima, mahali pake. Mpaka wa vipande naupitisha kwenye bonde la nakshi, usipite juu ya ua.

Sakafu ya nakshi, pale palipo bapa, siipi biti ya mviringo kabisa. Ncha yake katikati kabisa haina mwendo wa kukata, inasugua tu, na msaji ukisuguliwa unaungua. Hapo narudisha biti bapa. Kona za ndani zenye ncha biti inayozunguka haiwezi kuzifikia. Hizo anazimaliza ami kwa patasi, na bei ya kibao tunagawana.