Taswira mbili zilizokataa kukutana

Picha za mbali za kamera yangu ya renjifainda (inayopima umbali kwa kulinganisha taswira mbili) zilikuwa zikitoka na ukungu ingawa lenzi ilikuwa safi. Kwenye kamera kama hii hutazami kupitia lenzi. Kitazamio kina dirisha lake, na dirisha dogo la pembeni huleta taswira ya pili katikati. Ukizungusha lenzi, mkono mdogo ndani ya kamera husogeza kioo au prizimu. Taswira mbili zikilingana, fokasi imepatikana. Maana yake kitazamio kinaweza kudanganya huku lenzi ikiwa nzima.

Kwa hiyo nikatafuta mwongo ni yupi. Nilitandaza utepe usioonyesha wazi, wa kupokea taswira, kwenye reli za filamu, nikafungua shata kwenye B (hubaki wazi), lenzi kwenye ∞ (alama ya mbali kabisa) na tundu lake lote wazi. Kwa kikuza, mwezi ulionekana mkali kwenye utepe. Kwenye kitazamio ilikuwa miwili!

Nikazungusha skrubu ya marekebisho kidogo kidogo (kila modeli ina mahali pake, usibahatishe) hadi ukawa mmoja. Kisha nikapima kwa mita 1, kwani ∞ sahihi haihakikishi karibu. Taswira kwenye utepe ikakubaliana na kitazamio. Kwenye kitazamio, taswira moja imebaki juu kidogo ya mwenzake. Hiyo ina skrubu yake na haibadilishi umbali, nimeiacha.