Nilivyojaza Bwawa Jipya, na Mstari Ulionibakia

Bwawa la kuogelea la nyumba yetu ya wageni huku Kigamboni lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina kinachoteremka kutoka mita 1 hadi mita 1.8, kwa hiyo linameza lita 45,000 hivi. Fundi alipomaliza kulipiga lipu ya mwisho, ile ya saruji nyeupe na unga wa mawe ya marumaru, aliosha mwiko wake na kuniagiza, kwa sauti ya mtu asiyezoea kubishiwa, niliache likauke siku 3 ndipo nitie maji. Ushauri huo haufai hata kwa ukuta wa sebule, ambao nao humwagiliwa. Saruji hukomaa kwa maji, na lipu ya bwawa ikiachwa juani siku 3 hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Nilimshukuru, nikamlipa, na alipotokomea barabarani nikavuta mpira.

Ncha ya mpira niliizungushia kanga kuukuu ya mke wangu, nikaifunga kwa kamba na kuiteremsha hadi sehemu yenye kina kirefu, ili maji yatoke kwa upole yasichimbe lipu iliyokuwa bado laini. Ilikuwa saa 9 alasiri. Nilijua kwamba maji yakishaanza hayapaswi kusimama mpaka yafike katikati ya vigae vya ukingoni, na nilijivunia kulijua hilo. Nisichokifikiria ni kwamba pampu ya kisima changu inategemea umeme.

Umeme ulikatika saa 1 usiku, maji yakiwa yamefika usawa wa goti kule kwenye kina. Nilikaa ukingoni na tochi, nikiutazama ule ukingo wa maji uliotulia tuli kwenye ukuta mweupe, nikapiga simu kwa kila mwenye boza, lile lori la kubebea maji, niliyemfahamu. Wa kwanza alicheka, wa pili alikuwa amelala, na wa tatu alikubali kwa laki na kitu kila safari, bei ambayo mchana ningeibishania. Alifika saa 6 usiku akiwa na lita 10,000 na mpira mnene kama paja langu.

“Bosi, nimwage hapahapa, dakika ishirini nimeshaondoka,” alisema, na tayari alikuwa ameuelekeza ukutani.

Nilimzuia kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipolikumbuka tangi letu la plastiki la lita 10,000 lililo juu ya mnara, ambalo siku hiyo lilikuwa karibu tupu. Nilimwomba apandishe maji yote humo kwa pampu ya gari lake, kisha nikafungulia mipira miwili kutoka kwenye tangi, kila mmoja na kanga yake. Mke wangu alizihesabu kanga zilizobaki kabatini na hakusema neno. Maji yakashuka yenyewe, umeme uwepo usiwepo, na wakati boza likienda kuchota tena, tangi liliendelea kulisha bwawa bila kukatika. Kwa safari 4 za namna hiyo tulifika kwenye vigae kesho yake kabla ya adhuhuri. Anayetegemea kisima na alijaze tangi lake kabla fundi hajaondoka, asingoje kuchekwa na wenye maboza.

Kulipokucha maji yalikuwa na ukungu mweupe kama ya kuoshea mchele. Hiyo ni chokaa inayotoka kwenye saruji changa na kugeuka vumbi, nayo hupandisha pH, yaani hupunguza uasidi wa maji: kipimo changu kilionyesha zambarau iliyokolea, zaidi ya 8, ilhali nilitaka iwe kati ya 7.2 na 7.6. Niliishusha kwa asidi ya hidrokloriki, kidogo kidogo kila siku, nikiiyeyusha kwanza kwenye ndoo ya maji. Maji hutangulia na asidi hufuata, kamwe si kinyume chake. Pampu ya bwawa ilizunguka usiku na mchana kwa siku 3, na chujio nikalisafisha kila mshale wa mgandamizo ulipopanda.

Jirani mmoja alinisihi nimwage klorini ndoo nzima siku ileile ili maji “yang’ae”. Chembe za klorini zinazotua chini bila kuyeyuka huacha madoa kwenye lipu changa, kwa hiyo nilisubiri hadi siku ya nne, na hapo nikaiyeyusha kwanza. Mwingine aliyenishauri niweke chumvi kwa ajili ya mtambo unaotengeneza klorini kutokana na chumvi nilimjibu arudi baada ya siku 28, lipu ikishakomaa.

Kazi iliyobaki ilikuwa kusugua kuta na sakafu asubuhi na jioni kwa siku 14, kwa brashi ya nailoni, si ya waya. Siku ya pili nilimwachia kijana wa bustani, naye akasugua pale alipofikia bila kulowa; vumbi lililobaki pembeni likaanza kushika kama ukoko wa wali. Tangu hapo nilisugua mwenyewe, na mabega yangu yanaikumbuka kila siku ya zile 12 zilizobaki.

Mstari ulioachwa na maji yaliposimama saa 1 usiku bado upo, wa kijivu hafifu, umezunguka nusu yenye kina. Wageni wanadhani ni pambo, na mmoja aliniuliza ni fundi gani aliyeuchora. Nilimwambia ni kazi yangu.