Meli ya Theseus kijiweni Kirumba

Kitabu cha falsafa chenye maandishi matupu kinanilaza. Cha katuni nakimaliza. Nilichoazima kwa rafiki anayesoma chuo Malimbe, hapa Mwanza, kilininasa kwenye meli ya Theseus. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya shujaa huyo wa hadithi zao: ubao ukioza, wanang'oa na kupigilia mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni ileile. Mchoraji alipaka mbao za zamani nyeusi na mpya nyeupe. Picha kwa picha weusi unapungua, hadi unakwisha. Swali unaliona kabla hujalisoma.

Nikakibeba hadi kijiwe chetu cha kahawa, karibu na mwalo wa Kirumba, ambako kwa kawaida mada ni Simba na Yanga. Neno falsafa sikulitamka. Ukilitamka watu wanaaga. Niliuliza tu: hii Victoria ya sasa ndiyo ileile? Maana MV Victoria ilianza kazi ziwani 1961, baadaye ikasimama, ikafanyiwa ukarabati na kufungwa injini mpya, ikarudi 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu.

"Ileile," akasema mzee aliyekuwa akipanda nayo kwenda Bukoba enzi za ujana wake. "Umbo si lilelile?"

"Mzee wangu, samahani," akadakia dogo mmoja, fundi pikipiki. "Ukishabadili injini, namba haisomi tena na kadi. Trafiki akikukamata utamwambia umbo?"

Fundi mitumbwi akaweka kikombe chini. Kuna mtumbwi ameubadilisha mbao za ubavuni zote, akakalafati upya kwa pamba, na mwenyewe bado anauita wa marehemu baba. "Nikimwambia huu ni mpya, atanilipa bei ya mpya?"

Hapo ndipo nikafungua ukurasa wa Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, aliyeongeza chumvi: je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu zote na kuziunga upya, meli ya Theseus ni ipi? Kitabu kikazunguka. Fundi akakikodolea macho, akarudisha ukurasa nyuma, akasema mwenye mkuku, ule ubao mkuu wa chini, ndiye mwenye chombo. Mzee: "Na mkuku ukioza?" Jibu la mkuku halimo kitabuni, na kwangu ni zuri kuliko yaliyomo.

Si kila ukurasa unafaa. Wa alama za mantiki ulikufa palepale. Vinavyokubali ni vile ninavyoweza kuvifunga kwenye kitu cha ziwani, na watu wakishakolea nawaomba wabadilishane pande. Mzee kuitetea injini ni burudani tosha.

Mama wa kahawa alikuwa akisikiliza kimya. "Sasa usije ukaniambia aliyekopa kahawa juzi ni mtu mwingine."

Nikamwambia utani huo una zaidi ya miaka 2,400, na unahusishwa na Epicharmus, mtunzi wa vichekesho wa Kigiriki: mdaiwa anadai amebadilika, si yule aliyekopa, mdai anamzaba kibao, kisha naye anadai aliyepiga ni mwingine.

"Huyo mdai namwelewa," akasema, mkono ameunyoosha. Nikalipa.