Nyundo ya Kalafati

Kipindi chetu cha podikasti, yaani cha kusikilizwa mtandaoni, kilikuwa cha ufundi wa majahazi, na wageni walikuwa wawili: fundi wa Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, na mzee wa Sur, Omani, aliyekula chumvi nyingi kwenye vyombo na ambaye Kiswahili amekulia nacho. Mwongozaji alikaa Mkomani, mjini Amu. Hakuna aliyekuwa chumba kimoja na mwenziwe.

Tuliafikiana saa tatu usiku kwa saa za Lamu, yaani saa nne kule Omani. Isha imekwisha kuswaliwa, na hilo si jambo dogo kwa anayerekodi mjini Amu. Misikiti iko karibu karibu na adhana zake hazianzi pamoja, kwa hiyo ikiingia katikati ya jibu, huwezi kuiondoa bila kuondoa na maneno ya mgeni. Punda nao usiku hupungua, ingawa hawaishi.

Chumba cha nyumba ya mawe kina tabu yake. Upana wake umefungwa na urefu wa boriti, hivyo huwa kirefu na chembamba, na zile kuta mbili za chokaa zinazotazamana hurudishiana sauti mpaka kila neno linakuwa na mkia. Tuliegemeza godoro ukutani mbele ya mwongozaji, tukatundika blanketi nyuma yake, maiki ikawekwa shibiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Feni ilizimwa. Ilikuwa kaskazi, joto tele, lakini ngurumo ya feni ikishachanganyika na sauti ya mtu, haiondoki bila kuiharibu sauti hiyo. Kompyuta nayo ilichomolewa chaja, maana chaja nyingi huingiza mvumo mwembamba ambao huusikii mpaka uvae hedifoni.

Kazi kubwa ilikuwa kwa wageni. Watu wengi hurekodi simu yenyewe na kuridhika, na mimi naona huko ndiko kuharibu kipindi kabla hakijaanza. Simu ya mtandao hubana sauti, huruka vipande mtandao ukisuasua, na huchuja chochote inachokidhania kelele. Kilichopotea njiani hakuna programu ya kukirudisha. Dawa ni kila mgeni ajirekodi mwenyewe pale alipo, kisha atume faili. Simu inabaki kuwa ya kusikilizana tu.

Hapo ndipo jaribio la alasiri lilipotufaa. Fundi aliwasha kinasa sauti kwenye simu ileile aliyopigia, akazungumza dakika mbili, akatuma. Faili lilikuja kimya kabisa. Simu nyingi za Android haziipi maiki programu mbili kwa wakati mmoja: anayepiga simu ndiye anayepewa, na kinasa kinaendelea kuhesabu dakika bila kunasa kitu. Akaazima simu ya mwanawe. Moja ikawa ya kupigia, yenye hedifoni za waya; ya pili ikawekwa hali ya ndegeni na kulazwa juu ya tanga lililokunjwa, shibiri moja na nusu kutoka kinywani. Tuliomba waya makusudi. Hedifoni za Bluetooth, maiki yake ikifunguliwa, sauti hushuka na kuwa nyembamba. Na hedifoni lazima zivaliwe, la sivyo sauti ya mwongozaji ingetoka kwenye spika na kuingia kwenye rekodi ya fundi.

Mahali alipokaa palikuwa pazuri kuliko studio nyingi nilizoziona: stoo ya matanga. Nguo nzito kila upande, hakuna mwangwi hata chembe. Yule mzee wa Sur tulimwomba azime kiyoyozi, akakubali kwa shingo upande.

Baada ya salamu, kila mmoja alinyamaza sekunde kumi ili tupate sauti ya chumba chake kikiwa kitupu. Kisha kila mmoja akapiga kofi moja, na makofi hayo yakarudiwa mwisho wa mazungumzo. Kofi huchora mlima mwembamba kwenye faili, rahisi kuuona na kuulinganisha.

Katikati ya mazungumzo fundi akaanza kueleza kukalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inavyosukumwa baina ya mbao kwa patasi na nyundo. Hakutaka kueleza kwa mdomo tu. Alikuwa amekuja na kipande cha ubao.

"Sikiliza, mzee wangu. Ikilia hivi, pamba bado haijajaa." Kimya. "Na ikilia hivi, imekaza."

"Bwana fundi, sisikii kitu," akajibu mzee wa Sur. "Umepiga?"

Alikuwa amepiga, tena sana. Kichujio cha kelele cha ile programu ya simu kilimeza kila pigo na kuacha maneno peke yake. Mwongozaji akamwomba asogeze ubao urefu wa mkono kutoka kwenye simu inayorekodi na apige tena, kwa sababu pigo la karibu hukata vilele vya sauti, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Akapiga. Mzee wa Sur hakusikia tena, wakaendelea na mengine.

Mafaili yalitumwa kwa WhatsApp kama dokyumenti, la fundi likiwa m4a la megabaiti 50 hivi. Tukayafungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kila mtu traki yake, yaani mstari wake wa sauti, na rekodi ya simu ikiwa ya nne, ya kuongozea tu. Nyundo ilikuwepo yote: pigo la kwanza zito na butu, la pili kavu, lenye mlio wa juu.

Makofi ya mwanzo yalikaa sawa, ya mwisho yakapishana karibu robo sekunde. Saa za ndani za simu mbili haziendi sawasawa kabisa, na kwa muda wa dakika 50 hilo latosha kumfanya mtu acheke kabla ya mzaha. Tulikata traki ya Sur penye kimya kila baada ya dakika kumi na kuisogeza kidogo kidogo. Kelele ya chumba tuliipunguza desibeli 8 tu kwa kutumia zile sekunde kumi za kimya. Ukizidisha, sauti ya mtu huwa kama anasemea ndani ya mtungi. Mvumo mzito ulio chini ya hezi 80 tukaukata, ila si kwenye mapigo. Hayo hatukuyagusa.

Fundi aliomba bei ya jahazi aliyoitaja iondolewe. Iliondolewa kwenye traki zote kwa pamoja, ili zisipishane, pamoja na jibu la mzee lililoirudia.

Kisha tulimtumia mzee wa Sur yale mapigo peke yake, naye akajirekodi akijibu. Alisema la pili ndilo, na kwamba kwao fundi mkuu alikuwa akipita pembeni mwa chombo akisikiliza tu, hatazami. Tuliliweka jibu mahali pake, mwongozaji akitaja wazi kuwa limerekodiwa baadaye. Kulichomeka kimyakimya kama kwamba alisikia palepale kungekuwa kumdanganya msikilizaji.

Kiwango cha sauti kiliwekwa -19 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika, kwa kuwa faili ni mono, yaani la mkondo mmoja wa sauti. Lingekuwa stirio, la mikondo miwili, tungeweka -16. Kilele hakikupita desibeli -1. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 48, ikatoka megabaiti 23, mzigo ambao mwenye bando dogo anaumudu. Picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000 ilikuwa tayari, maelezo yakaandikwa, kikapanda Ijumaa baada ya alasiri. Jioni ile fundi akapiga kusema jina la mti mmoja limeandikwa vibaya kwenye maelezo. Tukalisahihisha bila kufuta kipindi wala kukipandisha upya, maana kitambulisho cha kipindi kikibadilika kwenye mlisho wa RSS, ile orodha ambayo programu za podikasti husoma vipindi vipya, kila aliyejiunga huletewa kipindi kilekile mara ya pili na bando lake likaliwa bure.