Siku 42 kabla ya Osaka: mimi, mnazi na friza bovu

Januari 26, 2025, Jumapili

Basho ya Tokyo, mashindano makubwa ya sumo, ile mieleka ya Kijapani, imeisha leo. Watatu walifungana 12-3, yaani kushinda 12 na kushindwa 3: Hoshoryu, Kinbozan na Oho. Ikabidi wapigane tena wenyewe kwa wenyewe, Hoshoryu akawatoa wote wawili na kombe akachukua. Basho ijayo ni Osaka, inaanza Machi 9. Kutoka leo ni siku 42.

Sisi tunaoitazama sumo kwa simu tunaziona siku 15 tu, mara sita kwa mwaka. Hizo nyingine jamaa wanafanya nini? Nimesoma vya kutosha, sasa nataka mwili uniambie. Mpaka Machi 9 nitafuata ratiba yao kwa kadiri anavyoweza fundi wa friji wa miaka 39, hapa Tanga, kilo 84, watoto watatu. Kunenepa simo. Mama watoto kasema atasoma daftari hili kila Ijumaa apate kucheka.

Januari 29

Baada ya basho, kambi hupewa wiki nzima bila mazoezi. Sehemu hii nimeifaulu bila tabu.

Leo Jumatano wakubwa wamekaa kupanga banzuke, ile orodha ya ngazi. Orodha yenyewe hufichwa mpaka siku 13 kabla ya basho, ila Hoshoryu katangazwa leo leo kuwa yokozuna, ngazi ya juu kabisa, wa 74. Wanaopanda kuingia juryo, daraja la pili, nao hutangazwa mapema, maana wana mengi ya kuandaa: ukifika juryo unaanza kulipwa mshahara, yeni milioni 1.1 kwa mwezi, na unavaa mawashi, ule mkanda wa kiunoni, nyeupe mazoezini. Walio chini yao huvaa nyeusi na mshahara hawana, ni posho tu ya kila basho. Hapo niliiacha chai ipoe nikifikiria. Kati ya mshahara na posho kuna ngazi moja tu.

Februari 3

Saa kumi na moja alfajiri, tumbo tupu. Wao hawali kitu kabla ya mazoezi.

Shiko ndiyo ile ya kunyanyua mguu na kuukita chini. Kwenye simu inaonekana mbwembwe za kumtisha mpinzani. Panua miguu, magoti yatazame nje, uzito wote uhamie mguu wa kushoto, wa kulia upande juu kwa upande bila kujikunja, kisha ushuke, vidole vikitangulia, na hapo hapo uchuchumae mpaka makalio yawe usawa wa magoti. Hiyo ni moja. Rikishi, wapiganaji wa sumo, hupiga mamia kwa asubuhi moja. Mimi ya kumi na mbili ilinipeleka kwenye kamba ya nguo.

Kosa langu nimeligundua nilipofika ya ishirini na kitu: nilikuwa nauvuta mguu juu kwa nguvu za paja. Siri iko kwenye mguu uliobaki chini. Ukiusimamia sawasawa, ule wa pili unaelea wenyewe. Nimefika 50, na ngazi za dukani nimeshuka kinyumenyume.

Februari 6

Teppo: kupiga nguzo kwa viganja, kulia kisha kushoto, mguu wa upande ule ule ukiteleza mbele pamoja na mkono. Nguzo sina, nimetumia mnazi wa mpakani. Magamba yake yamenichuna viganja, nikafunga gunia. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Shemeji, mnazi umekukosea nini?"

"Mazoezi tu, shemeji."

"Haya. Likikushukia nazi usinitaje."

Nimehamia kwenye mwarobaini.

Februari 12

Hii ndiyo siku iliyonipa faida kuliko zote. Suriashi ni kutembea umechuchumaa bila kunyanyua nyayo. Nilijiona naiweza, mpaka nilipomwaga mchanga laini uani nikaupiga fagio, nikikumbuka kwamba kuzunguka duara la mapigano huwa wanafagia mchanga hivyo ili mguu ukigusa nje uonekane. Nikapita. Nyuma yangu nilitegemea mistari miwili. Nikakuta vishimo vishimo, kama kuku kapita. Kila hatua nilikuwa natua kwa kisigino, na mtu aliyetua kwa kisigino ukimsukuma kifuani anaanguka chali. Nimerudia mpaka mistari ikaanza kuungana. Kidole gumba cha mguu ndicho kinachofanya kazi yote. Kimeota lengelenge.

Jioni, butsukari. Kule mwenzako anakutolea kifua, unamsukuma kutoka upande mmoja wa duara hadi wa pili, ukifika anakubwaga chini, unaamka, unarudi. Wanaifanya mwishoni mwa mazoezi, pumzi zikiwa zimekwisha. Shemeji yangu kakataa kazi hiyo. Ila dukani kuna friza lililoletwa tangu mwaka juzi, compressa imekufa, mwenyewe hajarudi. Nimelijaza mchanga. Nikisukuma wima, halitikisiki. Nikishusha kiuno chini ya usawa wa mfuniko, linakwenda.

Februari 17

Goti la kushoto limevimba. Siku tatu sifanyi kitu. Nimemwazia Terunofuji, aliyestaafu Januari hii hii: ozeki, ngazi iliyo chini ya yokozuna, mwaka 2015, magoti yakamharibikia, mwaka 2019 akawa kashuka hadi jonidan, daraja la pili kutoka chini, akaanza upya na watoto. Julai 2021 akapandishwa yokozuna. Mimi naugulia friza.

Februari 25

Banzuke imetoka. Waamuzi huiandika kwa mkono, majina ya juu manene, ya chini membamba kama nywele, ndipo inapunguzwa na kuchapwa. Kambi zimeshahamia Osaka, nyingine zinalala kwenye mahekalu, na mahali pa mazoezi panatengenezwa hapo hapo. Wiki hizi mbili ndizo za degeiko: wakubwa wanakwenda kambi za wenzao kutafuta wa kuwapa tabu, maana ndani ya kambi moja hawakutani kwenye basho na mazoea yanalegeza.

Nami nimefanya degeiko, nimekwenda kwa shemeji. Kanisukuma mara tano kati ya sita. Ile ya sita nilikuwa chini yake, nyayo ziko ardhini, akarudi nyuma mpaka kwenye banda la kuku. Kimya kimya nimefurahi.

Machi 3

Mwezi umeandama. Tumbo tupu nimelizoea, kiu ndiyo shida. Mazoezi nimeyahamishia saa moja kabla ya futari. Nimemkumbuka Osunaarashi, Mmisri, Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa. Julai 2013, akiwa juryo, basho ya Nagoya iliangukia Ramadhani. Alifunga, akapigana katika joto lile, akamaliza 10-5. Mwaka uliofuata, Ramadhani tena, aliangusha mayokozuna wawili siku mbili mfululizo, Kakuryu na Harumafuji. Leo shiko 60, na nilisimama mara mbili kutazama saa.

Machi 9

Siku ya kwanza Osaka. Pigano la mwisho huisha karibu saa sita mchana kwa saa za huku. Nimefunga duka kidogo. Hesabu yangu: shiko 100 bila kushika kitu. Nikikaa miguu imepanuliwa, kifua kilikuwa sentimita 41 kutoka chini, sasa 33. Wao hukilaza kabisa. Kilo 81. Tofauti kubwa ni macho: siangalii tena mikono yao, naangalia visigino.

Machi 18

Siku ya 10, Hoshoryu kajitoa. Basho yake ya kwanza ya uyokozuna.

Mwenye friza kapiga simu, anauliza kama liko tayari. Nimetoa mchanga ndoo kumi na nne.