Hesabu iliyomkosesha mama mboga mkopo

Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kuzibana benki za Kenya: riba ya mkopo isizidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4, na akiba ilipwe angalau asilimia 70 ya riba hiyo ya Benki Kuu. Septemba riba ya Benki Kuu ikateremka hadi asilimia 10. Mkopo ukagota kwenye 14, akiba kwenye 7. Kilio cha wananchi kilikuwa cha haki. Wengi walikuwa wakitozwa 18 na zaidi.

Sasa shika kalamu. Mama mboga anakopa shilingi 50,000, alipe zote baada ya mwaka. Riba ni 7,000. Benki nayo inamlipa mwenye akiba 3,500, inabakiwa na 3,500. Wakopaji wakiwa 20 na mmoja asilipe kitu, wale 19 wanaleta 66,500, huyo mmoja anaondoka na 53,500: mtaji, na riba ya mwenye akiba juu yake. Zinabaki 13,000, yaani shilingi 650 kwa kila mkopo, za kumlipa afisa wa mikopo, nauli zake na pango la tawi. Wakishindwa wawili, hasara ni 44,000.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikikopa kwa kuuza hatifungani za miaka 10 kwa karibu asilimia 13, na hakuna wa kumfukuzia sokoni. Meneja gani angesita? Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, uliokuwa tayari unasinyaa, ulishuka chini ya asilimia 3 mwaka 2017. Mkopaji mkubwa kuliko wote, serikali, akawa amepunguziwa washindani na sheria yenyewe, ingawa sidhani wabunge walikusudia hivyo.

Benki nazo zikatafuta upenyo. Ada zikapanda, na baadhi ya wateja wakajikuta kwenye akaunti zisizolipa riba. Sharti la akiba lilifutwa 2018. Machi 2019 Mahakama Kuu ilikuta kifungu cha ukomo wa riba kina utata, ikaliachia Bunge miezi 12 kukirekebisha. Novemba ukomo ukafutwa kabisa.

Aliyekosa benki alikimbilia simu. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30 na kuiita ada, si riba. Ukikopa hivyo mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka ni asilimia 90.