Kidole cha shahada cha shangazi

Shangazi alijikata wiki ya mwisho ya Ramadhani, tena kidole ambacho kazi yake yote ilikitegemea. Cherehani yake ilikaa barazani pale Bombo, kando ya barabara ya Kampala kwenda Gulu, na wateja wake walikuwa wa kila namna. Askari wa kambini walileta suruali za kupunguza. Maharusi walitaka kanzu zenye omuleera, ule urembo wa rangi ya damu ya mzee unaoshuka kifuani. Lakini wiki hiyo zilikuwa kanzu nyeupe za Idi tu, zimepangwa juu ya benchi, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe kilichobanwa kwa pini.

Alikuwa anafumua mshono wa bega kwa wembe. Wembe ukateleza, ukampata kwenye kiungo cha katikati cha kidole cha shahada, mkono wa kushoto, upande wa juu, pale ngozi inapovutika kila unapokunja. Mimi nilikuwa nyumbani likizo, mwaka wa pili wa uuguzi. Nilimwosha kwa maji ya bomba na sabuni, nikabana kwa shashi mpaka damu ikakata. Mkato haukufika sentimita mbili. Nikamwambia akunje kidole, akakunja, anyooshe, akanyoosha, nikagusa ncha pande zote mbili, akasema anasikia. Chanjo ya pepopunda alikuwa nayo. Dawa ya maumivu aliikataa mpaka magharibi, na hapo sikubishana naye.

Mpita njia angesema ni jambo dogo. Kwa fundi halikuwa dogo hata kidogo. Kidole hicho ndicho kinachoongoza kitambaa kuelekea kwenye sindano. Kinakunjwa, kinanyooshwa, kinasukuma, siku nzima. Na tone moja la damu kwenye kanzu ya mtu, wiki ya Idi, ni aibu ambayo mtaa mzima utaisikia. Shangazi aliweka bakuli la maji baridi karibu yake, maana damu mbichi hutoka kwa maji baridi, ya moto huigandisha kwenye uzi. Lakini hakutaka mambo yafike huko.

Tulianza na plasta za dukani, zile zinazouzwa moja moja. Ilishika vizuri alipokuwa amenyoosha kidole. Alipoanza kushona, upande wa juu ukavutika, upande wa chini ukafanya mikunjo, na gundi ikaanza kuachia kingoni. Vumbi la pamba likaingia hapo, na vumbi likishaingia chini ya plasta, kazi imekwisha. Kufika alasiri ilikuwa inazunguka tu kidoleni, kidonda kiko wazi. Akaweka nyingine, mambo yakawa yale yale. Mwisho akatoa plasta ya roli kwenye mkoba wangu, akajizungushia mwenyewe na kuikaza sawasawa.

Hiyo haikutoka. Ila kidole kilichojeruhiwa huvimba, na plasta iliyokizunguka chote haina pa kupanukia. Baada ya kufuturu aliniita. Kidole kilikuwa kinapwita, ncha imebadilika rangi. Nilimbonyeza ukucha mpaka ukapauka, nikauachia. Damu inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2 hivi, yake ilijivuta. Nikaikata plasta yote, naye akashusha pumzi ndefu.

Tulikaa na taa ya chemli na lile roli katikati yetu. "Mshipi wa suruali unalegezwa," akasema. "Kamba ya shimizi inalegezwa. Hii kwa nini hailegezwi?"

Nikamweleza nilichofundishwa. Gundi ya plasta ukiibandua kwenye ngozi hutoka na mafuta, jasho na vigamba vya ngozi iliyokufa, kwa hiyo ukiirudisha haishiki tena. Plasta ya kulegeza na kukaza ingehitaji gundi mpya kila mara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua roli, akalifungua kidogo, akalifunga, akalifungua tena.

"Na hapa imeshika nini?"

Sikuwa nimewahi kuliangalia roli namna hiyo. Gundi ya plasta ya roli hukaa imelala juu ya mgongo wa plasta yenyewe, miezi mingi dukani, na ukiivuta inaachia safi, ukiirudisha inashika. Sehemu ya kurekebisha, basi, haitakiwi kushika ngozi. Ishike plasta. Ngozi iachiwe kipande kimoja kisichoguswa, na kukaza na kulegeza kote kufanyike juu ya mgongo wa kipande hicho. Hadi leo, katika yote niliyojifunza kuhusu kufunga vidonda vidogo, hilo ndilo ninalolithamini kuliko mengine, na lilitoka kwa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chuo cha uuguzi.

Kulikuwa na suala la udhu pia. Shangazi alikwisha kumuuliza sheikh, akaambiwa apanguse kwa mkono wenye maji juu ya bendeji pale maji yanapodhuru kidonda. Lakini kwetu Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na humo kuna sharti kwamba bendeji isifunike ngozi isiyo na jeraha kupita kiasi kinachohitajika ili ishike. Nilidhani ni jambo la ibada tu. Nilipolifikiria nikaona ni sharti zuri la uuguzi vilevile: ngozi inayokaa imelowa chini ya plasta hupauka, hulainika, na mwisho huchubuka. Kwa hiyo kitu chetu kilitakiwa kiwe chembamba.

Asubuhi baada ya daku hatukulala. Nilisafisha mkasi kwa spiriti, nikaandaa pakiti ya shashi safi. Roli langu lilikuwa la upana wa sentimita 7.5, plasta nyeupe ya kitambaa cha pamba yenye oksidi ya zinki. Nilikuwa nimeanza kuchana kipande kufuata uzi, kama tunavyofanya wodini, shangazi akanishika mkono.

"Usiifuate nyuzi. Hapo haivutiki."

Akaokota kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu, akakivuta kwa urefu: kimya. Akakivuta kwa upana: kimya. Akakivuta mshazari, kutoka kona hadi kona, kikarefuka mbele ya macho yangu, na vile viraba vidogo kati ya nyuzi vikalala upande. Ndivyo mafundi wanavyokata ule ukanda wa kuzungushia shingo ya kanzu, akasema, la sivyo shingo haikai, inafanya mikunjo. Mikunjo ile ile niliyoiona kidoleni.

Akakunja kona ya gazeti mpaka ukingo mmoja ukalala juu ya mwingine, akautumia mkunjo ule kama rula. Tulibandika plasta juu ya nailoni ili isitugandie mikononi, akakata mikanda ya mshazari yenye upana wa sentimita moja na nusu. Roli la sentimita 7.5 likikatwa hivyo hutoa mkanda wa sentimita 10 na ushei, na kidole chake kwa mzunguko hakikufika sentimita 7, kwa hiyo ilibaki ya kupishana. Plasta yenye gundi haivutiki sana kama kitambaa kitupu, kwa sababu gundi inazishikilia nyuzi. Lakini kilichohitajika kilikuwa kidogo tu, na hicho tulikipata. Tena ukingo uliokatwa mshazari hauchanuki nyuzi ovyo, na hilo nalo likatufaa kwa lile vumbi.

Kitu chenyewe kilikuwa na sehemu mbili. Kipande cha chini kilikuwa kifupi, na katikati yake shashi iliyokunjwa na kupakwa mafuta ya mgando kidogo ili isigande kwenye kidonda. Hicho kililala juu ya kiungo na kushuka ubavuni pande zote mbili, lakini hakikukutana chini ya kidole. Shangazi alikipiga mkasi pembeni, mkato mdogo kila upande, usawa wa pale kidole kinapokunjikia. Mafundi hufanya hivyo kwenye kwapa la nguo ili mviringo ulale. Sehemu ya pili ilikuwa mkanda. Ulipita chini ya kidole, na hapo katikati gundi yake tuliifunika kwa kipande cha kitambaa cha marekani isishike ngozi. Ncha zake mbili zilipanda na kushika mgongo wa kipande cha chini. Ncha moja aliikunja yenyewe kwa yenyewe, gundi kwa gundi, ikawa kijilimi cha kushikia.

Alikunja kidole. Kipande cha chini kikavutika pamoja na ngozi, kikarudi. Akavuta kijilimi, akalegeza mkanda kiasi cha ukucha, akaubandika tena. Ulishika. Shashi haikusogea juu ya kidonda hata kidogo. Nilibonyeza ukucha wake, rangi ikarudi mara moja, nikambonyeza tena kwa sababu nilitaka kuiona tena.

Wakati anashona nilimsimulia kisa tulichohadithiwa na mwalimu wetu. Mwaka 1920, Marekani, katika mji wa New Brunswick jimboni New Jersey, Earle Dickson alikuwa mnunuzi wa pamba wa kampuni ya Johnson & Johnson. Mkewe, Josephine, alikuwa akijikata na kujiunguza jikoni mara kwa mara. Dickson akatandaza utepe wa plasta, akaweka vipande vya shashi kwa mpangilio katikati yake, akavifunika kwa kitambaa kigumu ili gundi isikauke, na mkewe akawa anajikatia mwenyewe kipande anapoumia. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuziuza kwa jina la Band-Aid. Za mwanzo zilitengenezwa kwa mkono, utepe mmoja wa upana wa inchi 3 na urefu wa inchi 18, na mnunuzi alikata kipande kwa kadiri ya kidonda chake.

Shangazi hakusimamisha mguu kwenye pedali. "Inchi tatu," akasema. "Si ndiyo upana wa roli lako?"

Ndiyo. Tofauti haionekani kwa macho. Alilipenda hilo, na alilipenda zaidi kwamba mwanzoni ilikuwa kitambaa cha kukata, na kila mmoja alijipimia.

Tuliibadilisha kila usiku baada ya isha, na ilipolowa kabla ya hapo. Mkanda ulichoka haraka kuliko kipande cha chini, hasa siku za joto, kwa sababu jasho la chini ya kidole lilifika kwenye ncha zake. Basi tukawa tunabadilisha mkanda peke yake na kuacha shashi itulie. Usiku mmoja uvimbe ulirudi, akalegeza mwenyewe gizani bila kuniita. Kanzu zilichukuliwa zote kabla ya mwezi kuandama, na sikuona doa hata kwenye moja. Kidonda kilifunga bila usaha.

Niliporudi chuoni nilibeba vipimo vyake, amevikata kwenye gazeti na kuviandika kalamu. Nimewafunga hivyo mafundi wa gereji, wapishi, watoto waliojikata kwa wembe wa kuchongea penseli. Kile kitambaa cha marekani cha katikati nilikibadilisha baadaye kwa kipande kingine cha plasta, gundi kwa gundi, maana kinakaa bapa zaidi. Kidole gumba ndicho bado kinatushinda: kiungo chake kinazunguka, si kukunja tu, na mkanda unaopita chini yake unasukumwa kila anayefungwa anaposhika kitu. Shangazi anasema tukate kipande cha chini kwa mtindo wa kwapa la kanzu, chenye kiraka cha pembe nne pale kinapozungukia. Amenitumia sampuli mbili kwa dereva wa teksi; ya pili imekaa vizuri zaidi.